Kikohozi cha Amos Sowden

Jumatatu, 8 Septemba 1975

Naanza daftari hili kwa shukrani, maana mtu mwenye bahati kama yangu akikaa kimya anakufuru. Tangu nivue magwanda ya jeshi sijakaa hata wiki moja bila kuigiza. Simu yangu hailali. Inalia mpaka jirani anakuja kuuliza kama kuna msiba. Mwenyezi Mungu alipokuwa anagawa bahati hapa Yorkshire nilipanga foleni mara mbili, na hakunishtukia, kwa sababu sura yangu haikumbukwi.

Hiyo sura ndiyo mtaji. Wenye sura nzuri hunyauka kama maua ya Jumapili. Mimi nimekuwa polisi, mchungaji, mnyongaji, baharia mlevi, fundi bomba, na maiti. Kwa umaiti sina mpinzani kaskazini yote. Jina langu, Cyril Dewhirst, halijui mtu, lakini siwezi kununua viazi bila mtu kunikazia macho na kuniuliza tulionana wapi.

Leo tumeanza mazoezi ya "Gati la Sowden", tamthilia ya televisheni itakayoonyeshwa kila Jumapili jioni mpaka Krismasi. Mimi ndiye Amos Sowden, muuza utumbo kando ya mfereji, zile enzi za kabla ya vita. Mazoezi tunayafanyia hapa Leeds, kwenye ukumbi wa kanisa la Methodisti. Sakafuni wamebandika utepe wa rangi: mwekundu ni duka, wa njano ni jiko, wa bluu ni mfereji. Kuta hakuna, lakini ole wako uruke utepe. Kuta zenyewe tunazikuta Ijumaa, tukihamia studio.

Niliingia kwa mbwembwe, nikaenda moja kwa moja kuubusu mkono wa mke wangu wa tamthilia. Ni Muriel Applegarth, mama wa miaka sabini na ushei, mwembamba kama pini ya kofia, aliyekuwa anatamba majukwaani wakati mimi bado naiba matufaha.

"Bwana Dewhirst," akasema bila kuinua macho, "umepenya ukuta, na umekanyaga mfereji."

"Nimekuja mbio kwa mapenzi, mke wangu."

"Basi futa miguu."

Nimeshampenda.

Mama wa chai pale ukumbini, Bi. Ramsden, alikuwa ananitazama tangu asubuhi. Aliponiletea kikombe akasema, "Wewe ndiye uliyenitengenezea boila la kuchemshia maji."

"Hapana, mama. Hiyo ni televisheni. Niliwahi kucheza fundi bomba."

"Mm," akasema, akaniongezea sukari kama askari anavyompa mshukiwa sigara.

Jumatano, 10 Septemba

Mvua. Paa la Wamethodisti linavujia kwenye utepe wa bluu, kwa hiyo mfereji wetu sasa una maji.

Ijumaa, 12 Septemba

Studio. Tunarekodi moja kwa moja kutoka mwanzo hadi mwisho, kama tupo jukwaani, kwa sababu kukata na kuunga mikanda ni tabu na hawapendi tabu. Ukikosea, kosa lako linaingia sebuleni kwa watu.

Mwongozaji wetu ni Julian Prowse, kijana wa chuo kikuu mwenye skafu ndefu. Kila mtu kwake ni kipenzi, hata yule fundi taa mwenye nyusi kama brashi ya viatu. Baada ya kazi alitukusanya akatueleza mambo bila kuzunguka: mwaka ujao tamthilia inaendelea, lakini na Sowden mmoja tu. Ama Amos atakufa kabla ya Krismasi, ama Hetty, mkewe. "Watazamaji wanapenda mjane," akasema. "Au mgane. Atakayebaki na duka atabaki na kazi ya mwaka mzima."

Mimi na Muriel tukatazamana kama kuku wawili waliosikia kisu kinanolewa.

Jumatatu, 15 Septemba

Skripti mpya imeletwa. Ukurasa wa kumi na mbili: Amos anakohoa.

Asiyeijua kazi yetu atasema, kikohozi ni kitu gani? Huko mitaani mtu anakohoa kwa vumbi. Kwenye televisheni anakohoa kwa sababu mtunzi ameshamchimbia kaburi. Ukipiga chafya, utaoa. Ukikohoa, utazikwa. Sijaona tamthilia hata moja ambayo mtu alikohoa halafu akapona.

Muriel alisoma juu ya bega langu. "Pole, mume wangu. Naanza kutafuta kitambaa cheusi."

"Ni kimoja tu."

"Kwenye ile ya wachimba makaa nilizika waume wawili. Wote walianza na kimoja."

Alhamisi, 18 Septemba

Siogopi. Nimeandika tu.

Jumatano, 24 Septemba

Nimebuni mkakati. Skripti inasema "Amos anakohoa", mimi nasafisha koo kama mtu anayetaka kuimba zaburi, halafu nabeba gunia la chumvi begani na kulipeleka jikoni. Hakuna aliyeniambia nibebe gunia. Prowse akaja na karatasi yake.

"Kipenzi, kikohozi kiko wapi?"

"Nimekiigiza kwa ndani."

Akafikiri kidogo. Hawa wasomi ukiwaambia kitu kiko ndani hawawezi kukukatalia. Mimi shule niliiacha nina miaka kumi na tatu nikaenda kiwanda cha sufu, lakini chuo kikuu nakielewa.

Jumanne, 30 Septemba

Sasa niandike juu ya Muriel, maana ananisumbua akili kwa njia nzuri.

Mimi ni mwizi wa watu. Sioni haya kusema. Mwendo wa Amos nimeuiba kwa mzee mmoja kituo cha basi cha Keighley mwenye nyonga mbovu, na ile namna yangu ya kupokea pesa, kiganja kikiwa kimeinama, nimeiiba kwa padri. Kila nilipo natazama. Na huyu Muriel ana kitu nakitaka. Kabla ya kusema neno zito huteremsha macho kwenye kaunta, akatulia, halafu huyainua taratibu, kama mtu aliyekuwa anachungulia kisima na akaona sura ya marehemu. Ukumbi mzima unanyamaza. Mpaka Bi. Ramsden anaacha kuosha vikombe.

Nimejaribu mbele ya kioo nilipopanga. Mama mwenye nyumba akaniuliza nimedondosha nini.

Kuna siri pale. Lazima niijue.

Ijumaa, 3 Oktoba

Nimeijua.

Studio, kabla hatujarekodi, nilizunguka nyuma ya kaunta nikijifanya natafuta kiko changu. Pale juu ya mbao, nyuma ya bakuli kubwa la utumbo, kumeandikwa kwa chaki, mwandiko mdogo, safi. Maneno yake. Yote ya leo, mstari kwa mstari.

Kisima chenyewe ni chaki.

Sikumwambia mtu. Nilisimama na kiko mkononi nikijiona mjinga, halafu nikajiona nimepewa zawadi. Maana ukifikiri vizuri, anasoma na huku anakuliza. Jaribu uone.

Jumatatu, 6 Oktoba

Bi. Ramsden tena. "Lile boila. Bado linagonga."

"Mama, nimekwambia, ilikuwa ni tamthilia."

"Tamthilia haikuniachia spana jikoni."

Nikanywa chai yangu nimesimama.

Ijumaa, 10 Oktoba

Leo naandika kirefu.

Onyesho la dukani. Hetty anapaswa kumwambia Amos kwamba mtoto wao, Ellis, anahamia Kanada na hatarudi. Maneno ni mengi, na ni mazuri. Kamera tatu, taa zinachoma, utumbo umeanza kunuka kwa sababu ni utumbo wa kweli, Prowse anataka ukweli. Muriel yuko nyuma ya kaunta, mimi natundika kofia.

Hapo ndipo alipofanya kosa ambalo mwigizaji mbovu asingeweza kulifanya. Hetty Sowden ni mwanamke safi. Muriel amemjua Hetty mpaka kwenye mifupa. Kwa hiyo Hetty, akiwa na habari nzito moyoni asijue aanzie wapi, alichukua kitambaa akaifuta kaunta. Akaifuta vizuri, mpaka pembeni, kama mwenye duka yeyote aliyelelewa na mama yake. Halafu akateremsha macho kisimani.

Kisima kikavu.

Niliona alivyotazama ile mbao. Haukuwa woga wa jukwaani, huo naujua, hupita. Huu ulikuwa wa mtu aliyerudi nyumbani akakuta nyumba haipo. Midomo ikafunguka, ikafungwa. Kamera yenye taa nyekundu ilikuwa usoni pake.

Nikasogea. Nikaweka mikono yangu miwili kwenye kaunta, nikasema maneno ambayo hayapo kwenye skripti yoyote: "Ni Ellis, siyo? Unataka kuniambia habari za Ellis."

"Ni Ellis," akasema.

"Ameamua kwenda."

"Ameamua kwenda. Kanada."

"Na harudi."

"Harudi, Amos."

Tukaenda hivyo mpaka mwisho, mimi nauliza yeye anajibu, kama kumvusha mtu mto kwa mawe. Mafundi wengine walifikiri ndivyo ilivyoandikwa. Fundi taa mwenye nyusi alitoa leso.

Lakini Prowse ana skripti mkononi, na kusoma anajua. Hakusema kipenzi leo.

Muriel alinikuta kwenye korido. "Uliona chaki tangu lini?"

"Chaki gani?"

Akanipiga kofi dogo shavuni, la mama, akaenda kuvua nguo za Hetty.

Jumatano, 15 Oktoba

Mvua na ukungu. Nimebeba magunia mawili.

Jumanne, 21 Oktoba

Mtunzi wetu, Desmond Tully, amekuja mazoezini. Ni mtu mnene, mpole, anayeua watu kwa mashine ya kuchapa. Akaninunulia pai kwenye baa ya ng'ambo ya barabara, nikajua ana neno.

"Cyril, nikwambie ukweli. Nilipanga Amos afe."

"Niliona kikohozi."

"Wewe uliona, watazamaji hawakukiona. Kila Jumapili Amos anazidi kunawiri. Watu wanaandika barua kusema ana afya ya farasi. Nitamuuaje farasi kwa kifua?" Akafuta povu mdomoni. "Na halafu, baina yetu, Muriel anasahau. Prowse hataki tena kuhangaika. Tumeamua atakufa Hetty. Duka ni lako."

Niwe mkweli na karatasi hii: nilifurahi. Nilikula pai yangu, nikala na yake. Kazi ya mwaka mzima, jina langu likitangulia kwenye orodha. Nilirudi kwenye mazoezi nikipiga mluzi, nikaruka mfereji kwa mguu mmoja.

Jumanne hiyo hiyo, baadaye

Siwezi kuacha kufikiri. Mimi ndiye niliyekimeza kile kikohozi. Kikohozi ni kama nzi, ukimfukuza kwenye sahani yako anatua kwenye ya jirani.

Jumatatu, 27 Oktoba

Ukurasa wa tisa: Hetty anakohoa.

Muriel alisoma mara moja, akafunga skripti, akaiweka pajani kama mkoba. Nilikaa karibu naye kwenye viti vya shule ya Jumapili, vile vidogo, magoti yakiwa masikioni.

"Basi," akasema. "Bora wangu kuliko wako. Wewe bado kijana."

"Nina miaka hamsini na nane."

"Ndiyo nasema."

Nikamuuliza atafanya nini mwaka ujao. Akatazama utepe. Akasema ana fleti yake kule Morecambe, inatazama bahari, na bahari haijibu. "Nikiwa kule, Cyril, toka Jumamosi mpaka Jumatatu sijamsemesha mtu. Maneno yasipokuwa na wa kuambiwa yanaondoka. Yanaona hayahitajiki. Hapa naandika chaki, sawa, lakini kuna mtu mbele yangu anasubiri zamu yangu ya kusema. Hicho ndicho kinachonishikilia. Wakinitoa hapa, sitasahau Ellis tu. Nitasahau na kuchemsha yai."

Alisema bila kulia, kama mtu anayekwambia treni yake ni ya saa ngapi.

Nilikuwa na mzaha tayari. Siku zote ninao. Ulikaa mdomoni, haukutoka.

Alhamisi, 30 Oktoba

Nimelala vibaya. Viazi vya mama mwenye nyumba.

Jumatatu, 3 Novemba

Nimeanza kukohoa kwenye mazoezi. Prowse akasimamisha kazi.

"Kipenzi, kikohozi si chako tena. Ni cha Hetty."

"Wanalala kitanda kimoja. Mke akikohoa, mume hakohoi?"

"Kwenye skripti hakohoi."

"Skripti haijawahi kulala kitanda kimoja na mtu."

Bi. Ramsden alicheka mpaka akamwaga chai. Lakini Prowse amenikataza, na kusema kweli kilikuwa kikohozi cha kipuuzi, cha kikaragosi. Hakuna anayekufa kwa kikohozi kile. Nahitaji cha kweli, na cha kweli hakibuniwi. Kinaibwa.

Najua nani ninayetakiwa kumwibia. Sijawahi kumwibia.

Ijumaa, 7 Novemba

Baba yangu alifanya kazi chumba cha kuchambulia sufu, pale ambapo vumbi halitui chini wiki nzima. Alikuwa na kikohozi ambacho hakikuanzia kooni. Kilianzia magotini. Kwanza alishika kitu, meza au bega la mtu, kwa adabu, kama anayeomba radhi. Halafu kimya, kimya kirefu kuliko kikohozi chenyewe. Halafu kikatoka, kidogo, kikavu, na baada yake alitabasamu na kuuliza, "Tulikuwa tunasema nini?" Nikiwa mtoto mdogo nililala nikikisikia ukutani. Nimeiba mwendo wa nusu ya Yorkshire, hicho sikukigusa.

Leo studio nilikitoa. Jikoni, Hetty anakata mkate, mimi natakiwa kusema tu "Mvua itanyesha." Nilishika ukingo wa meza. Nikakaa kimya. Niliona kamera inasita, haijui iende wapi, halafu ikaja kwangu yenyewe. Kikatoka.

"Tulikuwa tunasema nini?" nikamuuliza Muriel.

Hakutazama chaki yoyote. "Ulikuwa unataka kusema mvua itanyesha," akasema. "Kaa chini, Amos."

Hakuna aliyesimamisha. Tulipomaliza, fundi taa mwenye nyusi akanijia, akanishika mkono. Baba wa kwake alikuwa mchimba makaa.

Jumatatu, 10 Novemba

Muriel alinisubiri mlangoni mwa ukumbi na mwavuli wake, akanizuia nao kifuani.

"Umeniibia kikohozi changu."

"Kilikuwa changu kwanza."

"Usinichezee. Najua unachofanya. Wewe utakula nini mwaka ujao?"

"Bi mkubwa, simu yangu hailali. Wananigombania. Kuna watu Manchester wanataka nicheze jaji, kuna wengine Bristol wanataka nicheze kasisi mlevi. Amos ananibana. Ukikubali ufe wewe, utaniharibia mipango."

Alinitazama machoni. Mimi nikamtazama kwa lile jicho langu la mtu tajiri, nililoiba kwa mwenye farasi wa mbio kule Doncaster.

"Kweli?"

"Muulize jirani yangu."

Akashusha mwavuli. "Basi kohoa," akasema. "Ila usizidishe. Huwa unazidisha."

Jumanne, 18 Novemba

Tully tena, pai tena. Jumapili kile kikohozi kimeonyeshwa, na barua zimejaa gunia. Watu wanasema wamewasikia baba zao. "Sasa siwezi kuacha kukuua," akasema, na machoni ana huzuni kabisa. "Ulikuwa umeshashinda, Cyril. Kwa nini?"

"Msanii hachagui, anachaguliwa." Sijui nilisoma wapi.

"Na Muriel nitamfanyaje? Prowse anauliza."

Hapo niliweka uma chini. "Mpe mjane duka. Mwandikie maneno mafupi, watu wenye majonzi hawahutubii. Muweke nyuma ya kaunta, usimtoe. Na mwandikie Hetty msichana wa kazi."

"Wa nini?"

"Wa kufuta meza. Hetty asishike kitambaa kamwe. Mgongo wake umezeeka."

Tully hakuelewa, lakini aliandika kwenye pakiti ya sigara.

Jumatatu, 24 Novemba

Ukurasa wa arobaini: Amos anakufa kwenye kiti wakati Hetty anamimina chai. Kifo kizuri. Sina la kulalamika.

Ijumaa, 5 Desemba

Nimekufa leo. Muriel alisema nimezidisha.

Jumatano, 10 Desemba

Mazoezi ya mwisho ukumbini. Wiki hii mimi ni maiti tu, kwa hiyo nimelala juu ya meza za shule ya Jumapili huku wenzangu wakiruka utepe. Bi. Ramsden alikuja akasimama juu yangu na kitu kimefungwa kwenye gazeti la jana.

"Najua hujafa."

Nikafungua jicho moja.

"Chukua," akasema, akaniwekea kifuani. Kilikuwa kizito. "Nimekuona ulivyokuwa unambebea yule mama maneno yake. Sisemi kitu. Lakini boila linagonga, baba."

Nilipofungua gazeti nilikuta spana, mpini umepakwa rangi ya kijani. Sikusema ndiyo, sikusema hapana. Nilisema asante.

Ijumaa, 12 Desemba

Siku ya mwisho studio. Jeneza langu limewekwa sebuleni kwa akina Sowden, mapazia yamefungwa, na Hetty anakaa peke yake nami kabla watu hawajaja. Kamera moja usoni pake. Ukurasa mzima wa maneno, kwa sababu Tully, pamoja na yote, hakuweza kujizuia. Na sebuleni hakuna kaunta.

Nilimuuliza asubuhi chaki ameiweka wapi.

"Hakuna pa kuiweka, mume wangu. Nitakuandika wewe usoni?"

Kulala maiti kuna ufundi. Unatoa pumzi wanapokutazama, unavuta wanapotazama pembeni. Ulimi unaulaza. Na kama ulifundishwa na mzee mmoja wa sarakasi kule Blackpool aliyekuwa na mwanasesere wa mbao, unaweza kusema bila kusogeza mdomo, sauti ya chini kama maji yanayochemka chumba cha pili. Ukurasa ule niliuhifadhi wote juzi na jana. Sijawahi kusoma kitu kwa bidii hivyo. Shule wangenionea fahari.

Alianza vizuri. Alisema juu ya siku walipofungua duka, juu ya Ellis. Halafu nikasikia kimya, na hakikuwa kimya cha Hetty. Kidole chake kilikuwa kinapapasa ukingo wa jeneza.

"Shati," nikasema kwa ndani. "Ulinunua shati."

Alisikia sauti, hakusikia neno. Basi akafanya kitu kinachonifanya mpaka sasa nisimame hapa na kalamu. Aliinama. Aliweka sikio lake kifuani kwangu, kama mke asiyeamini, anayetaka kuhakikisha. Nami nikamwambia pale kifuani, mstari mzima.

Akainuka. "Nilikununulia shati jeupe," akasema, "ukasema la sherehe. Hatukuwa na sherehe."

Mara tatu aliinama. Mara tatu nikampa. Prowse baadaye alimwambia kila mtu hajaona uvumbuzi kama ule tangu aanze kazi: mjane anayesikiliza moyo uliokwisha simama. Alimwita kipenzi mara nyingi. Ameshamwambia wanaanza tena Machi.

Maneno yalipokwisha alikaa tu. Ilibidi wazime picha, lakini hawakuizima. Akanitengeneza kola. Halafu akasema kitu ambacho Tully hakukiandika, na mimi sikumpa.

"Ulikohoa vizuri, Amos."

Wamekiacha. Jumapili mtakisikia.

Jumatatu, 22 Desemba

Niko nyumbani, Keighley. Theluji kidogo, inayeyuka ikitua. Nimepata kadi ya Krismasi kutoka Morecambe, yenye picha ya ndege mwenye kifua chekundu. Muriel anauliza jaji yule wa Manchester anaendeleaje.

Leo jioni shemeji yangu Stanley atakuja na gari lake la mabomba. Kesho tunaenda Leeds kwa Bi. Ramsden. Spana nimeifunga kwenye mfuko.

Simu haijalia. Haijalia mwezi huu, wala mwaka jana haikulia, wala mwaka juzi. Yale niliyoandika siku ya kwanza, kwamba sijakaa hata wiki moja bila kuigiza, ni uongo; siku nyingi nimekuwa msaidizi wa Stanley kwenye mabomba. Boila lile nililitengeneza mimi, na nililitengeneza vibaya.